Ushanga wa Mama: Mohandas Gandhi na Dini Aliyoirithi

Katika matoleo ya kumbukumbu kama hili, jina la Mohandas Karamchand Gandhi halikosekani. Husimuliwa zaidi kama mpigania uhuru wa India, mzee mwembamba mwenye fimbo aliyetembea hadi ufukweni kuokota chumvi. Hayo yanajulikana, na watoto wetu huyasoma shuleni. Safari hii tumeona vyema kumsimulia kwa upande mwingine: kijana aliyezaliwa ndani ya dini, akatengwa na watu wa tabaka lake kwa kosa la kuvuka bahari, kisha akaishi miaka yake yote akipima kipi katika urithi ule akishike na kipi akiache. Habari hii inatuhusu sisi kwa namna ya pekee, kwani laiti bahari isingevukwa, hekalu hili lisingejengwa.

Alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa bandari wa Porbandar, pwani ya Kathiawar, huko Gujarat. Baba yake, Karamchand, alikuwa waziri mkuu wa mtawala wa mji ule, na baadaye akahamia Rajkot kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Ukoo wao ulikuwa wa tabaka la wafanyabiashara waitwao Modh Bania, na kwa madhehebu walikuwa Wavaishnava, yaani wenye kumwabudu Mungu kwa jina la Vishnu. Lakini nyumba ile haikuwa na mlango mmoja tu. Watawa wa Kijaini walikuja kuzungumza na baba yake, na marafiki Waislamu na Waparsi nao walimweleza habari za imani zao, huku mtoto akisikiliza. Mama yake, Putlibai, alitoka katika jamaa ya Wapranami, ambao wasomaji wengi hawajapata kuwasikia. Katika hekalu lao hapakuwa na sanamu, na Gandhi alikumbuka kwamba kuhani wake alisoma mara Gita, mara Kurani, asijali ni kitabu kipi alichokishika, mradi Mungu anatukuzwa.

Mama huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Hakula bila kusali, na kila siku alikwenda hekaluni. Katika miezi minne ya masika aliweka nadhiri za kufunga, na mwaka mmoja aliapa kutokula chochote mpaka alione jua kwa macho yake. Watoto wakawa wanasimama uani wakiangalia mawingu, kama vile majirani zetu Waislamu wanavyoutafuta mwezi jioni ya mwisho wa Ramadhani. Jua lilipochungulia walikimbia kumwita. Alipotoka, mara nyingi jua lilikuwa limekwisha kujificha, naye hurudi kazini kwake kwa uchangamfu, akisema kwamba Mungu hakupenda ale siku ile. Yaya mmoja mzee, jina lake Rambha, alimfundisha mtoto aliyeogopa mashetani gizani kulitaja jina la Rama. Dawa hiyo ilimfaa utotoni, na uzeeni aliirudia kwa imani kubwa zaidi.

Tusidhani kwamba aliyapokea yote kwa utiifu. Hekalu la kifahari la madhehebu ya baba yake halikumvutia. Utajiri na mapambo yake yalimchosha. Akiwa mwanafunzi Rajkot, rafiki mmoja alimshawishi kula nyama kwa siri, akimweleza kwamba Waingereza wanatutawala kwa sababu wanakula nyama na sisi hatuli. Alikula nyama ya mbuzi, na usiku ule akaota mbuzi mzima akilia tumboni mwake. Karamu za siri ziliendelea kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Hatimaye aliziacha. Kilichomrudisha nyuma hakikuwa imani kwamba nyama ni haramu; ilikuwa aibu ya kuwadanganya wazazi. Alijiambia kwamba wakiwa hai hataila, na wakishaondoka duniani ataila waziwazi. Wakati huo, basi, katazo la nyama lilikuwa bado mali ya wazazi wake. Yeye alikuwa mlinzi tu wa mali ya wengine.

Baba alifariki mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye ndugu walishauriwa wampeleke kijana London kusomea sheria. Mama alisita, kwa maana alikuwa amesikia kwamba vijana wa ng'ambo hupotea. Ndipo mtawa wa Kijaini, Becharji Swami, aliyekuwa ametoka katika tabaka lao lile lile, akamwapisha Mohandas mbele ya mama: hatagusa pombe, hatagusa mwanamke, hatagusa nyama. Mama akaridhika.

Tabaka halikuridhika. Alipofika Bombay kungoja meli, wazee wa Modh Bania waliitisha baraza, maana hakuna mtu wa tabaka lao aliyewahi kwenda Uingereza. Kwao bahari ilikuwa mpaka. Atakayevuka maji yale hataweza kuishika dini yake, atakula na kunywa pamoja na wageni, na atarudi akiwa najisi. Mkuu wa baraza, jamaa wa mbali wa familia na rafiki wa marehemu baba yake, alimwamuru asiende. Kijana wa miaka 18, mwoga hata wa kuzungumza mbele ya watu, alijibu kwa upole kwamba amekwisha kumwahidi mama yake na kwamba haoni dhambi katika safari ya masomo. Akatangazwa kuwa si wa tabaka tena. Yeyote atakayemsaidia, au kwenda kumuaga bandarini, atatozwa faini ya rupia moja na robo. Shemeji yake aliyekuwa ametunza nauli aliogopa kuitoa, ikabidi fedha zikopwe kwa rafiki. Tarehe 4 Septemba 1888 alipanda meli.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Hofu ile ya bahari haikuwa ya wazee wa Bombay peke yao. Wafanyabiashara wa Kihindu walifika Zanzibar na Mombasa kwa majahazi kwa karne nyingi, na wengi wao katika karne ya 19 waliwaacha wake zao Kutch na Kathiawar, kwa sababu iliaminika kwamba mwanamke akivuka bahari unajisi huwa mkubwa zaidi. Waliporudi kwao walifanyiwa ibada za utakaso kabla ya kuketi jamvini na ndugu. Kwa hiyo hukumu iliyomwangukia Gandhi siku ile tunaifahamu. Babu zetu waliishi chini yake, wakaizunguka kimyakimya, mpaka ikasahaulika.

London ilimpa njaa kwanza. Wenyeji walimcheka na kumsihi ale nyama, na rafiki mmoja akamweleza kwamba nadhiri aliyoapa mbele ya mama asiyejua hali ya Uingereza haina uzito. Aliishika, ingawa tumboni alikuwa na mkate na mboga zilizochemshwa bila chumvi ya kutosha. Kisha siku moja, katika mizunguko yake, alikuta mkahawa usiouza nyama kwenye mtaa wa Farringdon. Dirishani palikuwa na vitabu, akanunua kwa shilingi moja kitabu cha Henry Salt cha kutetea ulaji usio wa nyama, na akakisoma mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo aliacha kula nyama kwa hiari yake. Mlo haukubadilika hata chembe. Aliyebadilika ni mwenye kula. Sisi tunaona kwamba siku hiyo ni kubwa katika maisha yake kuliko siku nyingi zinazoadhimishwa, ingawa haina sherehe.

Jambo jingine la London linawapasa vijana wetu kulijua. Bhagavad Gita, kitabu alichokuja kukiita mama yake wa pili, hakuwa amewahi kukisoma nyumbani. Ndugu wawili Waingereza, wafuasi wa chama cha Theosofi, walimwomba asome nao tafsiri ya Edwin Arnold, wakidhani kwamba yeye Mhindu atawasaidia kwa Kisanskriti. Aliona haya kukiri kwamba hajakisoma kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Urithi wake alionyeshwa na wageni, kwa lugha ya wageni.

Aliporudi mwaka 1891, pale Bombay alipewa habari ambayo kaka yake alikuwa ameificha: mama alikuwa amefariki. Kaka huyo, akitaka amani na tabaka, alimpeleka Nasik kuoga katika mto mtakatifu, na Rajkot akawafanyia watu wa tabaka karamu. Mohandas hakupendezwa, lakini alimtii kaka. Kundi moja la tabaka lilimpokea na jingine likakataa. Hapa alifanya jambo ambalo halikutarajiwa. Hakupiga kelele wala kuomba aingizwe. Dada yake na wakwe zake walikuwa upande uliomtenga, nao walikuwa tayari kumkaribisha kwa siri. Alikataa kunywa hata maji nyumbani kwao, kwa kuwa hakutaka kufanya gizani kisichofanyika mchana. Baadaye alikiri kwamba upole huo ulimpa marafiki ndani ya kundi lile lile, ambao walimsaidia katika kazi zake bila kumdai chochote kuhusu tabaka.

Aliyempa kazi ya kumwondoa tena nyumbani alikuwa mfanyabiashara Mwislamu. Kampuni ya Dada Abdulla, yenye asili ya Porbandar na maduka Afrika Kusini, ilimwajiri kwa mwaka mmoja kwa pauni 105. Mwezi Aprili 1893 alisafiri kupitia pwani yetu. Meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache. Akashuka kuutazama mji na kuzungumza na makarani wa Kihindi wa posta, na alipotaka kurudi mkondo wa maji ulikuwa mkali hata nusura meli imwache. Wakapita Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa siku nane au kumi akingoja meli nyingine. Wakati ule hakuna aliyemjua.

Pretoria ndiko urithi wake ulikopimwa kwa mizani. Wakristo wema walimchukua kwenye sala zao na kumpa vitabu vingi. Kwa upande wake Abdulla Sheth alimweleza uzuri wa Uislamu, naye akasoma Kurani kwa tafsiri. Hakuwa na majibu ya kutosha kuhusu dini yake. Aliona wazi kwamba kuwatenga watu na kuwaita wasioguswa ni doa ambalo halifichiki. Alimwandikia maswali mengi Raychandbhai, mfanyabiashara wa vito na mwanazuoni wa Kijaini aliyekutana naye Bombay, na majibu yake yalimtuliza.

Siku moja rafiki yake Coates, Mkristo wa madhehebu ya Kwekeri, aliuona shingoni mwake ushanga wa mti wa tulasi, ambao ni jamaa wa mrehani wetu. Akauona kuwa ushirikina, akataka kuukata. Gandhi alimzuia. Alimweleza kwamba hajui kama ushanga huo una nguvu yoyote, wala haamini kwamba akiuvua atapata madhara. Lakini mama yake alimvisha kwa upendo, akiamini utamfaa, na hawezi kuukata bila sababu ya kutosha. Ukichakaa na kukatika wenyewe, hatatafuta mwingine.

Tumelifikiria jibu hilo mara nyingi. Lina pande mbili, na watu wengi hushika moja tu. Mwenye kupenda mila hufurahi kwamba hakuukata. Mwenye kupenda uhuru hufurahi kwamba hakuahidi kuvaa mwingine. Yeye alishika zote mbili, na hakuona kwamba zinagombana.

Alama nyingine alizibeba kwa namna tofauti. Uzi mtakatifu, aliovishwa Rajkot alipokuwa kijana, ulipokatika hakuvaa mwingine. Na watu walipomsihi aliuliza kwa nini yeye avae kitu ambacho Mashudra wamekatazwa. Shungi la nywele kisogoni alikuwa amelikata alipokuwa anakwenda Uingereza, kwa hofu ya kuchekwa, na huko Afrika Kusini alimshawishi hata jamaa yake Chhaganlal alikate lake. Mwaka 1915, baada ya kurudi India, mtawa mmoja wa Rishikesh alimwuliza kwa uchungu kuhusu uzi na shungi. Alikataa uzi, kwa sababu alikuwa na hoja. Kuhusu shungi alikubali kosa, kwa sababu aliliondoa kwa woga.

Ingefaa kuishia hapa kama lengo letu lingekuwa kumsifu tu. Lakini mtu aliyejipatia haki ya kupima urithi wake hakuwa mwepesi kuwapa wengine mizani hiyo. Huko Durban, karani mmoja Mkristo aliyezaliwa na wazazi wa tabaka la chini kabisa alikaa nyumbani kwao, na vyombo vya choo vya vyumbani ilibidi visafishwe na wenye nyumba. Kasturba, mkewe aliyeolewa naye wote wakiwa watoto, alikibeba kile cha karani huku machozi yakimtoka. Mume hakuridhika na machozi. Alitaka akibebe kwa furaha. Walipozozana alimshika mkono na kumburuta hadi langoni ili amtoe nje, mpaka mama yule alipomwuliza kama hana haya, na katika nchi ya ugeni aende wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia habari hii dhidi ya nafsi yake. Bado tunaona kwamba Kasturba naye alikuwa na urithi wake, na haukuwa wa mume kuung'oa kwa nguvu.

Kwa wana ilikuwa vigumu zaidi. Mwanawe wa kwanza, Harilal, alitamani kusoma Uingereza kama baba yake, akanyimwa, na uchungu ule haukupona. Mwaka 1926 mwana wa pili, Manilal, alitaka kumwoa msichana Mwislamu; baba, aliyekuwa akihubiri undugu wa Wahindu na Waislamu kote India, alimkataza, akieleza kwamba ndoa kati ya dini mbili itawachanganya watoto na kuwatikisa watu. Manilal akatii. Mwaka 1936 Harilal alisilimu, akaitwa Abdulla. Gandhi aliandika hadharani kwamba kama badiliko hilo lingetoka moyoni asingekuwa na ugomvi nalo, lakini alilishuku kwa sababu ya ulevi na madeni ya mwanawe. Harilal alirudi katika Uhindu mwaka huo huo. Hatuna haja ya kumhukumu mzazi kwa ukali, maana miongoni mwetu ni nani ambaye mtoto wake hakumletea jambo kama hilo? Ila tunasema waziwazi kwamba kwa Manilal tunaona alikosea.

Kazi iliyomrudisha kwenye yale aliyoyaona Pretoria ilikuwa ya watu waitwao wasioguswa, ambao yeye aliwaita Harijan, watu wa Mungu. Mwaka 1915 alipokea katika makao yake mapya ya Ahmedabad mwalimu Dudabhai, mkewe na binti yao mdogo Lakshmi. Wafadhili wakaacha kutoa fedha. Mwenye kisima akawasumbua wakitaka maji, na hata ndani ya makao, Kasturba akiwamo, hawakufurahi. Alipokuwa tayari kuhamia katika mtaa wa watu wale wa tabaka la chini, tajiri mmoja alikuja kwa gari, akamkabidhi rupia 13,000 na kuondoka.

Toka hapo alifika kwenye milango ya mahekalu yenyewe. Mwaka 1933 na 1934 aliizunguka India akidai ifunguliwe. Huko Deoghar wahafidhina walilishambulia gari lake, na Poona bomu lilitupwa kwenye msafara ambao ilidhaniwa yumo. Tarehe 12 Novemba 1936 mtawala wa Travancore alifungua mahekalu ya serikali yake kwa Wahindu wote, na miezi miwili baadaye Gandhi alikwenda kusali humo pamoja na Harijan. Mwaka 1938 Kasturba na jamaa wengine waliingia hekalu la Jagannath, Puri, ambalo lilikuwa bado limefungwa kwa Harijan. Alihuzunika hadi akaugua, akajilaumu kwamba hakuwaelimisha watu wa nyumbani mwake.

Daktari Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka hilo lililotengwa, hakutosheka na milango. Aliona kwamba tabaka lenyewe ndilo ugonjwa. Alitangaza mwaka 1935 kwamba hatakufa akiwa Mhindu, na mwaka 1956 alifuata njia ya Buddha pamoja na halaiki ya watu. Gandhi aliamini kwamba nyumba ya wazazi hutengenezwa kutoka ndani. Ambedkar aliuliza ni nani amewahi kukaribishwa ndani. Swali hilo ni halali, na hekalu lolote la Kihindu linalotimiza miaka linapaswa kulisikia.

Mwaka 1946 na 1947, alipokuwa Delhi, Gandhi alikaa katika hekalu la Valmiki, ndani ya mtaa wa wafagiaji. Katika sala za jioni zilisomwa aya za Kurani pamoja na Gita, kama kule kwa Wapranami wa mama yake. Wakati huo damu ilikuwa inamwagika kwa jina la dini, na baadhi ya Wahindu walisimama kupinga Kurani isisomwe hekaluni. Walipopinga, hata akiwa mtu mmoja, kuna siku aliahirisha sala yote badala ya kumnyamazisha kwa nguvu au kuiacha Kurani. Tarehe 30 Januari 1948, akienda kusali, alipigwa risasi na Mhindu aliyejiona analinda dini ya wazee wake.

Mwaka huo huo sehemu ya majivu yake ilivushwa bahari hadi Afrika Mashariki na kumwagwa Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwani. Kuna sanamu yake mahali hapo sasa, na watu wa dini zote hupita kuitazama.